Hita ya Gesi na Mtani Wangu Kondo

Jumapili, 6 Julai

Nimekuwa babu. Tangu juzi Ijumaa, saa tano asubuhi. Mtoto wa kike. Binti yangu Yasmin mzima, mtoto mzima ila mdogo, kilo mbili na robo, kwa hiyo daktari anawashikilia hospitalini mpaka Jumamosi aongezeke kidogo. Nimempakata. Alinitazama kwa jicho moja kama mkaguzi wa hesabu. Nilikuwa karani wa ghala miaka thelathini na moja, jicho hilo nalijua.

Ilinipasa nifurahi na kunyamaza. Nilifurahi tu.

Ilikuwa hivi. Uzazi wa kwanza, binti anarudi kwao. Anakaa arubaini, mama yake anamkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, anakunywa uji wa pilipili manga, anadeka. Ndivyo ilivyo kwetu na kwao. Lakini Bi Hafidha, mama yake Rehani mkwe wangu, akasema pale pale kitandani kwamba kwake Mazimbu ipo hita ya umeme, na kwamba sisi huku Bigwa tunachemsha kwa kuni, na moshi na kifua cha kichanga haviendani. Aliyasema kwa upole. Bi Hafidha husema kila kitu kwa upole, ndiyo maana mtu hapati pa kumjibia.

Nikajibu kwamba kwangu ipo hita ya gesi. Unafungua bomba, maji ya moto hayo. Hakuna moshi, hakuna kukatikiwa umeme. Wauguzi wawili walisikia. Mama wa kitanda cha pili akasema mashallah.

Hita ipo. Hilo si uongo. Niliinunua kwa mhadhiri mmoja wa Mazimbu aliyekuwa anahama, ikafungwa ukuta wa nje wa bafu chini ya upenu, na mwaka juzi ilifanya kazi vizuri sana. Mwaka jana ikanyamaza. Tangu hapo Mama Yasmin ananing'iniza juu yake kikapu cha vitunguu, na naona mhadhiri aliiuza akijua tabia yake.

Bi Hafidha akasema vizuri. Jumamosi atamleta mzazi mwenyewe kwa gari, na hayo maji atayaona kwa macho yake. Yakiwepo, Yasmin atashuka. Yasipokuwepo, gari litageuza. Rehani alikuwa anatazama viatu vyake. Kijana mzuri, lakini ana mama.

Siku sita. Hita ni bomba, moto na sanduku la bati. Mimi nimeendesha ghala zima.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Sikukuu, mafundi wote wamepumzika. Isipokuwa Kondo, ambaye anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu na ndiye fundi gesi pekee Bigwa yetu hii. Nilisita sana kumwita. Kondo ni mtani wangu. Ukoo wao na ukoo wetu wanataniana tangu kabla ya Mjerumani. Anaweza kunitukana mbele ya shehe nami nikatakiwa kucheka. Aprili, tulipomzika mjomba, Kondo aliingia kaburini kabla ya maiti, akalala, akasema humu ndani kuna joto zuri kuliko kwake na hatoki mpaka apewe jogoo. Akapewa. Kisha akavaa koti la marehemu, akazunguka msibani akichechemea na kuwauliza watu nani kaiba ugoro wake. Shangazi zangu walicheka mpaka wakaanza kulia upya. Kwa kazi hiyo hana mpinzani. Lakini ndiye mtu wa kumwuliza jambo la maana?

Amekuja na bisibisi moja. Hita hakuigusa. Alifungua bomba la bafuni, akasikiliza, akafunga. Akafungua tena, akafunga. Akasema betri zimekufa. Ninunue mbili, zile kubwa za redio, na maji yatakuwa ya moto leo leo.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Hita ya gesi yenye betri. Nikamjibu kama inavyopasa: kwamba wenye betri ni ukoo wao, ndiyo maana wanaongea bila kuzimika. Akacheka. Akasema haya mtani, nimekubali, ila kweli ni betri. Nikacheka zaidi. Uso wake haukutikisika hata kidogo. Mtu huyu ana kipaji.

Akaondoka na mkungu wangu wa ndizi, haki yake ya utani. Mama Yasmin akauliza fundi amesemaje. Nikamwambia hajasema kitu.

Jumanne, 8 Julai

Uchunguzi wa kwanza: gesi.

Nimeufanya kwa utaratibu wa ghala, kilichopo kwanza, kilichopungua baadaye. Mtungi wa hita nimeuinua kwa mikono miwili. Mzito. Nikaubadilisha hata hivyo, nikaleta ule wa jikoni. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio yote; hakuna panapovuja. Nikafungua bomba. Kimya. Maji yenyewe yanatoka mlimani moja kwa moja, na Julai hii yanauma mpaka kwenye kiwiko.

Zamani ilikuwa inalia tik tik tik, kisha vuu. Sasa haina tik wala vuu. Nimeandika kwenye karatasi: Dalili, ukimya.

Mama Yasmin amepika mchana kwa mkaa kwa sababu mtungi wake niko nao mimi. Amesema hakukasirika. Amelisema mara tatu. Nilipojimiminia chai nikaegemea jiko, nikaunguza kidole. Hata hilo halikumkasirisha.

Saa tisa nikapata jibu. Kila kinachotiririka hushuka. Mtungi wangu uko chini, hita iko juu, na gesi yenyewe imetoka Dar, pwani kabisa, haijazoea vilima. Inachoka njiani. Nikaupandisha mtungi juu ya paa la bafu kwa ngazi na kamba, nikaufunga kwa kanga ili upepo usiuangushe. Kanga ya Mama Yasmin. Ile nzuri, lakini nilikwisha funga fundo ndipo nikaitazama.

Kondo akapita barabarani. Akasimama, akavua kofia, akaupa mtungi shikamoo. Akauliza mazishi ni saa ngapi, maana anaona marehemu amekwisha vishwa. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayetaja bei ya nyanya, akasema ni betri, mtani.

Sikumjibu. Nilikuwa nimekumbatia mtungi.

Maji ya moto hakuna, mtungi nimeurudisha jikoni. Bati limebonyea kidogo.

Jumatano, 9 Julai

Hospitalini. Bi Hafidha alikwisha fika, kama kawaida yake, na uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai. Nami nilikuwa na wetu. Pilipili yetu ni ya Kinole, shemeji yangu Ramadhani anaianika mwenyewe kwenye jamvi. Yake ni ya pakiti. Nikamwomba Yasmin aonje zote mbili aseme kweli. Akasema zote tamu. Hapo namwona mama yake mtupu.

Bi Hafidha anasema mtoto amechukua pua yake. Nikainama nikatazama. Mtoto hana pua bado, ana kifungo cha shati. Akaniuliza, kwa upole, hita inaendeleaje. Nikasema maji ni moto kupita kiasi, nikamwonyesha kidole changu chenye kitambaa. Hakuuliza nimeungulia wapi. Angeuliza ningemwambia. Akasema pole sana Baba Yasmin, na nikaona anakitazama kidole kile muda mrefu kuliko inavyohitaji kidole.

Alipotoka kuongea na muuguzi, Yasmin akanishika mkono. Akaniuliza kama kweli inafanya kazi. Anataka kuja nyumbani. Akasema Bi Hafidha si mtu mbaya, ila kwake kila kitu kina kitambaa juu yake, hata kitambaa kina kitambaa, na yeye anamtaka mama yake. Akasema siku hizi analia kidogo bila sababu, halafu inapita, na kule kwa wakwe hataweza kulia.

Nikasema inafanya kazi. Wakati wa kusema nilikuwa nakitazama kidole. Mtoto huyu nilimbeba mgongoni kutoka barabarani mpaka kwa wajomba zake Kinole, ana miaka minne, kisa amegoma kutembea. Sijawahi kumdanganya ila mara chache, na kwa mambo ya kawaida. Nimejisikia vibaya njia nzima ya kurudi. Nikapita kituo changu.

Hita hii itapona hata kama italazimu kuing'oa pamoja na ukuta.

Alhamisi, 10 Julai

Uchunguzi wa pili: maji.

Nimefungua pale yanapoingilia. Kuna kichujio kidogo, sawa na kofia ya kidole ya mshonaji. Ndani: mchanga, kipande cha jani, na kiluwiluwi mmoja aliyekufa. Nilifurahi kupita kiasi. Nikamwita Mama Yasmin amwone. Akaja, akasema amemwona, akarudi kwenye viazi vyake. Nikasugua kichujio kwa mswaki wa wageni, nikakirudisha. Sasa maji yanatoka kwa nguvu nzuri sana. Baridi, kwa nguvu nzuri sana.

Basi nikaamua kutafuta rai ya pili, kwa fundi asiye mtani. Mjini, nyuma ya soko, yupo Abdulmajid. Anatengeneza majiko ya gesi, ana miwani, hacheki, kuta zake zina vyeti. Mtu wa aina yangu. Nikaing'oa hita, nikaifunga shuka, nikapanda nayo bodaboda nimeipakata. Njiani watu watatu walinipa pole na mmoja akasoma dua.

Abdulmajid akaiweka mezani. Akaipindua. Akagonga chini kwa kucha, akauliza mara ya mwisho nilibadilisha betri lini.

Nusura nimnyang'anye hita. Lakini nikatulia. Nikamwuliza kwa adabu kwao ni wapi. Akasema Matombo. Nikamwuliza na upande wa mama? Maana sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, hata avae miwani ya namna gani. Akautaja ukoo wa mama yake.

Ule ule. Ukoo wa Kondo.

Nikaifunga hita yangu taratibu, nikamshukuru, nikatoka. Akanifuata mpaka mlangoni akiniita mzee, mzee, ni betri tu za kutoa cheche, hata hapo dukani zipo. Nilimpungia mkono bila kugeuka. Watu hawa wanapeana habari haraka mno. Nadhani wana kundi la simu.

Nimeirudisha ukutani mwenyewe. Skrubu mbili zimebaki. Inaonekana huwa wanaweka za akiba.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeomba msikitini mpaka jirani yangu wa safu akanisogelea kuuliza kama kuna msiba.

Niliporudi nikakumbuka kijitabu. Kila mashine ina kijitabu chake, na mhadhiri alinipa. Nimekikuta kwenye sanduku, chini ya cheti cha ndoa. Lugha ni ya Kichina mwanzo mpaka mwisho, lakini picha haina lugha. Ukurasa wa nne: hita imechorwa kwa chini, mshale, na kando ya mshale mitungi miwili midogo imelala ubavu, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule.

Nilikaa chini. Kila kitu kikawa wazi. Mitungi miwili, tena imelala. Mimi wiki nzima nimekuwa na mmoja, umesimama.

Nikautoa mtungi wa hita, nikaenda jikoni kuuchukua wa pili nikauweke nao uani, nianze kuilaza. Mama Yasmin akauliza nafanya nini. Nikampa kijitabu. Aliitazama ile picha muda mrefu. Kisha akanitazama mimi muda mrefu zaidi, kama mtu anayejaribu kukumbuka kwa nini alikubali posa. Akausimamisha mtungi, akaukalia. Akasema hakuna mtungi utakaolazwa kwenye nyumba ambayo kesho anaingia mtoto, na kama nina hamu ya kulaza kitu nikajilaze mimi. Akamenya viazi hapo hapo juu yake mpaka magharibi. Kijitabu amekiweka mfukoni.

Basi umebaki mpango mmoja. Ninauita Mpango wa Pipa.

Pipa la plastiki litapanda juu ya paa la bafu, juu ya mbao, kwa kuwa bati limeshaonja. Mpira utatoka kwenye pipa na kuingia kwenye hita, mahali pa maji ya mlimani. Nyuma, kwenye migomba, moto wa kuni na sufuria la shughuli. Mtu mmoja anachota maji yanayochemka, anapanda ngazi, anamimina. Bi Hafidha anafungua bomba, maji yanapita ndani ya hita, yanatoka ya moto. Huo si uongo. Maji ya moto yatakuwa yametoka kwenye hita.

Anahitajika mtu mmoja. Mama Yasmin alikataa kabla sijafika kwenye neno pipa. Basi ni Kondo. Mtani hakatai kazi ya aibu ya mtani wake, kazi hizo ndizo zake. Nilimweleza hatua zote saba. Akasikiliza kwa makini. Akauliza kama kununua betri hakutakuwa na hatua chache zaidi. Nikamwambia utani una wakati wake, binti yangu anakuja kesho. Sauti ilinikatika nilipolisema hilo, naona aibu kuandika. Akasema atakuja asubuhi, ila apewe jogoo.

Jogoo tena. Nimekubali.

Jumamosi, 12 Julai

Siku yenyewe.

Kondo amefika saa mbili. Nimemkuta anaongea na Mama Yasmin jikoni kwa sauti ya chini, nadhani habari za jogoo. Pipa limepanda, na mtungi wa hita nimeurudisha mahali pake ili hita ionekane nzima. Kuni tayari, sufuria tayari, ndoo tayari, maelekezo nimeyaandika kwenye karatasi na kuyabandika kwenye mgomba. Ishara: nikikohoa mara mbili, amimine. Kisha nikaenda kuoga na kuvaa kanzu. Asubuhi yote redio ya Mama Yasmin ilikuwa kimya. Kwa kawaida inaimba tangu alfajiri. Nilielewa. Hata yeye alikuwa na wasiwasi.

Saa nne gari likasimama. Bi Hafidha mbele. Yasmin nyuma na mtoto, wamefunikwa mpaka juu. Yasmin alishusha kioo akanitazama, na mimi nikatazama migomba. Bi Hafidha hakutaka kiti wala maji ya kunywa. Aliomba bafu. Akakunja mkono wa baibui mpaka juu ya kiwiko.

Nikakohoa mara mbili. Sikusikia mtu akipanda ngazi. Nikakohoa tena mara mbili. Bi Hafidha akauliza, kwa upole, kama nina kifua, maana kama nina kifua basi hilo nalo ni jambo la kuzungumza kabla mtoto hajaingia. Nikasema ni furaha. Nikafungua bomba huku nimefumba macho.

Tik tik tik. Vuu.

Yakatoka baridi. Yakawa vuguvugu. Yakawa ya moto. Mvuke ukapanda mpaka dirishani. Bi Hafidha akatia kiwiko, akakitoa haraka. Akakitia tena, kwa namna ambayo nitaikumbuka nikiwa mgonjwa. Kisha akasema yatahitaji kuchanganywa na ya baridi. Akamgeukia Rehani, akamwambia ashushe mizigo.

Yasmin alikuwa amesimama mlangoni na mtoto. Akacheka. Halafu akaanza kulia, kile kilio cha bila sababu, na mama yake akamchukua ndani, na mlango ukafungwa. Nilibaki bafuni nikiacha maji yatiririke bure. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile.

Nikakimbia nyuma kumshukuru Kondo. Kuni hazijawashwa. Sufuria kavu. Kondo amekaa juu ya ndoo anatafuna muwa. Nikapanda ngazi, nikatia mkono kwenye pipa: maji baridi kama ya kisimani. Nikashuka nikamwuliza amefanyaje. Akasema betri.

Hata leo. Hata siku kama ya leo. Nikampa jogoo wake nikamwambia nenda.

Jioni nimefikiri sana, na maelezo ni mamoja tu. Kichujio. Nilikisafisha Alhamisi, na hita haiponi siku ile ile, kama mtu asivyopona siku anayomeza dawa. Kwa hiyo nimeitengeneza mimi, kwa mswaki.

Jumapili, 13 Julai

Yasmin amekandwa asubuhi na jioni. Sauti yake ikisema mama taratibu imesikika mpaka kwa Kondo. Nyumba nzima inanukia pilipili manga na mafuta ya nazi. Mtoto amelala kwenye paja langu kuanzia saa nne hadi saa sita, na mguu ulipokufa ganzi sikuuhamisha.

Bi Hafidha amepiga simu. Hita yake ya umeme imeanza kusumbua, anaomba nimpe jina la fundi wangu. Nikamwambia fundi ni mimi. Kimya kirefu. Kitamu.

Mchana Yasmin alikuja kukaa nami upenuni. Akasema angekuja hata kwa maji ya kuni, hata kwa maji ya baridi, na kwamba yeye alikwisha mwambia Bi Hafidha hivyo hivyo tangu Jumatano jioni. Nikamwambia asijitese kunifariji, maji yapo, afurahie. Akanitazama kwa namna ya mama yake. Kisha akaegemea bega langu, na tukakaa.

Jumatatu, 14 Julai

Fundi hodari hukagua kazi yake. Baada ya Yasmin kukandwa asubuhi nikachukua tochi, nikalala chali chini ya hita, nikaitazama kwa chini. Kuna kifuniko kidogo ambacho sijawahi kukiona. Nikakifungua.

Betri mbili. Kubwa, za redio. Zimelala ubavu, moja kichwa huku, nyingine kichwa kule.

Nilibaki pale chini nikicheka peke yangu mpaka mchanga ukaniingia masikioni. Kondo. Wiki nzima ananiambia betri, mimi sidanganyiki, basi akaona autimize utani: amezitia kabisa ndani ya hita yangu ya gesi, na mimi nikampa jogoo. Lazima nikiri, ni kazi ya hali ya juu. Betri zenyewe nazifahamu. Moja ina alama ya rangi ya kucha aliyoiweka Mama Yasmin mwenyewe ili zisichanganyike na za tochi. Kaziiba kwenye redio yake. Ndiyo maana redio imekuwa bubu tangu Jumamosi, na maskini mwanamke hakusema kitu.

Nimezitoa. Nimezirudisha kwenye redio. Imeimba papo hapo, salamu za wasikilizaji, sauti safi kabisa. Uchunguzi wa dakika moja. Redio bila betri ni sanduku tu, hilo hata mjukuu wangu atalijua akifika miaka miwili.

Nikamwendea Kondo, nikamwambia nimekwisha gundua, nikamtoza faini: jogoo arudi. Aliniuliza kama betri nimezitoa. Nikasema zote mbili. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakutania. Akamkamata jogoo, akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema pole mtani, kwa sauti ya kweli kweli ya msibani. Nimemshinda. Baba yangu hakuwahi kumshinda baba yake.

Saa kumi na nusu. Mama Yasmin alifungua bomba la kumkandia Yasmin na hita ikakaa kimya. Akaniita kwa jina langu kamili, Halidi Mosi, na likafuatia la babu. Nilimweleza kwamba ni kichujio, kimeziba tena, nimekwisha kifungua, nisihimizwe. Ameenda kuwasha kuni bila neno.

Na hapo hapo gari la Bi Hafidha likaingia. Amekuja kumwona mtoto. Nilimpokea uani nikiwa na mswaki mkononi, nikamwambia hita iko kwenye ukaguzi wa kawaida, lakini akaribie asikilize redio, nimeitengeneza leo. Akaitazama redio. Akautazama moto wa kuni. Nilingojea aseme gari ligeuze. Hakusema. Alivua baibui, akalikunja vizuri akaliweka kwenye kiti, akaenda kushika upande wa pili wa sufuria, na wao wawili wakaingiza maji kwa Yasmin wakafunga mlango.

Sasa wanacheka mle ndani, wote watatu. Wanacheka mpaka mtoto ameamka, na bado wanaendelea. Nadhani Mama Yasmin anawasimulia alivyonifanyia Kondo.